Maji ya Kiwanja Yanamteremkia Nani?

Kiwanja chenye urefu wa mita 90 na upana wa mita 45 ndicho kidogo kabisa ambacho sheria za mpira wa miguu zinakikubali kwa watu wazima. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu yake inamwaga lita 121,500 za maji. Kwa hesabu ya nyumbani hizo ni bidoni 6,000 na ushee za lita 20, zote zikitua mahali pamoja, pengine ndani ya saa moja. Katika mji wa tambarare, swali linalofuata lingekuwa maji hayo yatakauka lini. Bukavu, mashariki mwa Kongo, swali ni jingine: yanamteremkia nani?

Tambarare Bukavu ni ya kutafutwa. Mji umekaa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ukianzia kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu na kupanda hadi vilima vya Kabare. Wabelgiji waliuita Costermansville, wakaupanga uwe mji mdogo wa bustani na nyumba zinazotazama ziwa. Leo makadirio ya idadi ya wakazi yanapita milioni moja, na miteremko iliyokuwa pori imejaa nyumba za mbao na mabati, sakafu ya moja ikilingana na paa la nyingine. Kule Funu, katika komine ya Kadutu, kuna poromoko linalosogea polepole, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1.5 hivi. Wanasayansi hulifuatilia kwa setelaiti. Wakazi hulifuatilia kwa nyufa za kuta zao.

Kwa hiyo mahali papana palipo sawa ni mali adimu, na ukipaona Kadutu, Bagira au Panzi, mara nyingi ni pa shule au pa kanisa. Kwingineko, wazo la kutandika nyasi bandia kwenye kiwanja cha shule ya serikali lingekuwa jambo la michezo na bajeti. Huku linagusa mambo matatu kwa mpigo: maji, plastiki na ardhi. Mzazi anayelitilia shaka haogopi maendeleo. Anaujua mteremko anaoishi.

Hoja ya matope

Wanaoitaka sintetiki, kama wengi wa watu wa mpira wanavyoiita, wana hoja nzito, nayo ianze kusikilizwa. Msimu wa mvua Bukavu huchukua takriban miezi tisa. Kiangazi ni Juni, Julai na Agosti, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ni likizo. Maana yake ni kwamba mwaka wa masomo karibu wote unapita kwenye tope. Udongo wa hapa umetokana na mawe ya volkeno yaliyooza kwa muda mrefu mno: ni mwekundu, mzito, na ukilowa unateleza kama sabuni. Kipindi cha mazoezi ya mwili kinageuka kuwa kipindi cha kukaa ndani, na ndani kwenyewe kumejaa. Tangu elimu ya msingi katika shule za serikali ifanywe bure Septemba 2019, wanafunzi wameongezeka haraka kuliko madawati, na shule nyingi hutumia majengo yaleyale kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana.

Jani gani linavumilia hayo? Nyasi zinazokanyagwa na watoto mia kadhaa kabla ya adhuhuri na mia kadhaa baada yake hufa kwanza mbele ya magoli, kisha katikati, mwisho kila mahali. Kinachobaki ni kiwanja cha vumbi kiangazi na cha madimbwi masika. Nyasi bandia haihitaji kupumzishwa. Huchezewa saa nyingi kuliko ya asili kwa mara kadhaa, na mvua ikikatika mchezo unaendelea. Kwa wasichana, ambao mara nyingi huachiwa kiwanja wavulana wakishachoka nacho, saa za ziada ni nafasi ya kucheza ambayo vinginevyo hawaipati.

Mpira wenyewe umeshahamia huko. Tangu 2004 sheria za mchezo zinaruhusu uso wa bandia, kwa sharti kwamba uwe wa kijani. Kuelekea Kombe la Dunia la 2010, FIFA ilianzisha mpango wa kuzijengea nchi za Afrika viwanja vya nyasi bandia. Uwanja wa Martyrs wa Kinshasa umetandikwa. Klabu ya TP Mazembe ilifungua wake Kamalondo, Lubumbashi, mwaka 2011, nao ni wa nyasi bandia. Ng'ambo ya mpaka, Nyamirambo mjini Kigali na Umuganda mjini Rubavu ni vivyo hivyo. Hata fainali za mashindano ya mpira ya shule za Afrika, Mei 2024, zilichezwa Zanzibar kwenye uwanja wa Amaan, ambao nao umetandikwa. Kijana anayeanzia Kadutu, akabahatika kuvaa jezi ya klabu ya OC Muungano au Bukavu Dawa, atakutana na plastiki mapema. Mwalimu wa michezo anayesema wanafunzi wake wanahitaji kuizoea ana lake la kweli.

Hoja hiyo ina umri wa miaka zaidi ya 60, na ilianzia shuleni. Baada ya vita vya Korea, Wamarekani waligundua kwamba vijana waliokulia mijini walikuwa dhaifu wa mwili kuliko wa mashambani, na lawama ikaangukia miji isiyokuwa na mahali pa kuchezea. Taasisi ya elimu iliyofadhiliwa na Ford Foundation ikasukuma utafutaji wa uso wa kuchezea usiochoka. Mwaka 1964 shule ya Moses Brown, mjini Providence katika jimbo la Rhode Island, ikawa ya kwanza kutandikiwa eneo kubwa la nyasi za nailoni. Miaka miwili baadaye zulia hilo likaingia kwenye ukumbi mkubwa wa Astrodome mjini Houston, ambako nyasi za asili zilikuwa zimekufa chini ya paa, na dunia ikalijua kwa jina la AstroTurf. Waingereza walilijaribu 1981 kwenye kiwanja cha Queens Park Rangers. Mpira uliruka ovyo, magoti yalichunika, na ligi yao ikaachana nalo.

Kizazi kilichofuata kilirekebisha hayo kwa kurefusha majani na kumwaga katikati yake mchanga na chembe za mpira. Chembe hizo mara nyingi ni matairi chakavu yaliyosagwa. Nchi tajiri zilizokuwa zimelemewa na milima ya matairi zikapata mahali pa kuyapeleka.

Kilicho chini ya kijani

Ukikata kipande cha kiwanja cha kisasa utakuta tabaka kadhaa. Chini kabisa kuna kokoto zilizoshindiliwa, zenye mabomba ya kutolea maji. Juu yake, ikiwa fedha zimetosha, hulazwa godoro la kupunguza mshtuko. Kisha huja zulia: majani ya polietilini yaliyoshonwa kwenye kitambaa cha plastiki na kugandishwa kwa gundi. Mwisho ni mchanga wa kuligandamiza na zile chembe nyeusi za kulainisha mguu. Kiwanja kamili hubeba mchanga na chembe zaidi ya tani 100.

Kuhusu afya, wazazi wanastahili kuambiwa kinachojulikana bila kutiwa hofu ya bure. Matairi yana madini kama zinki na kemikali ambazo baadhi yake, kwa kiasi kikubwa, huhusishwa na saratani. Mwaka 2016, baada ya kipindi cha televisheni kuzua taharuki Uholanzi, taasisi ya afya ya nchi hiyo ilipima chembe za viwanja vingi ikasema hatari kwa wachezaji ni ndogo mno. Ripoti ya shirika la mazingira la Marekani iliyokamilishwa 2024 ilieleza kwamba kemikali zimo, lakini kinachoingia mwilini mwa mchezaji kinaonekana kuwa kidogo. Vipimo hivyo vilifanyika kwenye nchi zenye ukaguzi wa bidhaa. Shule ya Kivu inayoletewa magunia ya chembe haina maabara ya jirani ya kuthibitisha kilichomo, na watoto wake wengi hucheza pekupeku.

Joto ni jambo jingine lenye namba. Mwaka 2002 watafiti wa chuo cha Brigham Young, Utah, kwenye mwinuko usiopishana sana na wa Bukavu, walipima uso wa nyasi bandia siku yenye joto la nyuzi 37 za Selsiasi wakakuta unafika 93. Bukavu haifiki nyuzi 37, na wingu lake ni baraka. Bado jua la adhuhuri la Julai, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, litalifanya zulia liwe la moto kuliko udongo, na nyayo tupu zitalijua kabla ya kipimajoto.

Lililobadilisha mjadala duniani, hata hivyo, ni kile kinachotoka uwanjani, si kile kinachobaki. Kila mchezo unaondoka na chembe: kwenye viatu, kwenye soksi, kwenye maji ya mvua. Wakala wa kemikali wa Umoja wa Ulaya ulikadiria kwamba viwanja vya Ulaya hupoteza hadi tani 16,000 za chembe hizo kwa mwaka, kiasi kinachozidi chanzo kingine chochote kimoja cha plastiki ndogo iliyowekwa kwenye bidhaa kwa makusudi. Septemba 2023 Umoja huo ulipitisha kanuni: kuanzia Oktoba 2031 chembe za plastiki za kumwaga viwanjani hazitauzwa tena katika nchi zake.

Mtu wa Bukavu anayajua matokeo ya makatazo ya namna hiyo. Gari lisiloruhusiwa tena barabara za Ulaya huishia barabara za Kivu, likiitwa okazioni. Mfadhili akija na zulia la bei nafuu kabla ya 2031, au baada yake, ni halali kumuuliza limetoka wapi na kwa nini limekuwa nafuu.

Swali la maji limeshafika mahakamani kwingineko. Kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, ambako wakazi hunywa maji ya chini ya ardhi, shule ya sekondari ya umma ilitaka kiwanja cha nyasi bandia. Mwaka 2022 bodi ya mipango ya mji wa Oak Bluffs iliikatalia, ikihofia kemikali zisizooza kuingia kwenye maji hayo. Shule ikashtaki, na 2023 mahakama ya ardhi ikasema bodi ilivuka mamlaka yake. Pande zote mbili zilikuwa na mawakili, wahandisi na vipimo vya maabara, na bado watu wa kisiwa kimoja waligawanyika kwa miaka.

Ruzizi inapokea kila kitu

Bukavu haihitaji kwenda mbali hivyo kujifunza. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko hapa: mto Ruzizi, unaoshuka kusini hadi Tanganyika. Wabelgiji walijenga bwawa la Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950, na la Ruzizi II, la ushirika wa Kongo, Rwanda na Burundi, likafuata 1989. Chochote kinachoelea ziwani kinavutwa kuelekea huko. Chupa, saché, viatu na madumu yaliyopasuka hukusanyika mbele ya Ruzizi I hadi kuziba njia ya maji ya mitambo, na shirika la umeme, SNEL, hulazimika kutumia mashine na wapiga mbizi kuondoa. Taa zikizimika Kadutu, mara nyingine chanzo ni takataka za Kadutu yenyewe.

Njia zake zinajulikana. Mvua huanza juu, hupita kwenye vichochoro, huingia kwenye mfereji ikiwa mfereji upo, hufika mto kama Kawa, na Kawa huingia ziwani. Serikali ya Kinshasa ilipiga marufuku mifuko na vifungashio vya plastiki kwa amri ya 30 Desemba 2017. Amri hiyo haijafunga mifereji ya Bukavu, na wala haikuandikwa kwa ajili ya mazulia ya michezo. Kazi iliyofanyika zaidi imefanywa na watu wa mji wenyewe, kama Nicole Menemene, ambaye kampuni yake ya Plastycor hukusanya plastiki ya ziwani na kuifuma vikapu, meza na viti.

Lakini chupa inaelea, na mkono unaweza kuiokota. Chembe ya tairi yenye upana wa milimita mbili haiokotwi. Nyingi huzama na kuchanganyika na tope la mfereji, tope lilelile ambalo mama wa mteremkoni huliondoa kwa jembe mlangoni kwake na kulitupa kwenye bustani ya mchicha. Zinazofika mbali zaidi zitakuwa kwenye ziwa la sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambaye leo ndiye kitoweo cha nyumba nyingi za mji huu.

Watetezi wa zulia hujibu kwamba nyasi bandia hupitisha maji, na kwamba kiwanja cha udongo ulioshindiliwa na miguu hakipitishi kitu. Jibu hilo ni la kweli nusu. Kiwanja cha udongo kinamwaga maji yake kila upande, pamoja na tope, na jirani wa chini anateseka tayari. Kiwanja cha bandia kilichojengwa vizuri hukusanya bidoni zile 6,000 chini ya zulia na kuzitoa kupitia bomba moja au mawili. Bomba likiishia kwenye mfereji mpana wa zege unaofika mtoni, jirani anapata nafuu ambayo hakuwahi kuipata. Likiishia kwenye ukingo wa shule, maji yaliyokuwa yakitawanyika yanamwangukia mtu mmoja.

Mei 2023, huko Kalehe kwenye ufuko huohuo wa ziwa, mvua ya siku moja ilifukia Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Hakuna kiwanja kilichosababisha hayo. Lakini tangu siku hiyo mzazi wa Kivu Kusini anayeuliza mfereji utapita wapi hana haja ya kueleza kwa nini anauliza.

Ardhi, uzio na kufuli

Hofu ya tatu haisemwi sana kwenye mikutano, kwa kuwa inagusa watu wenye nguvu. Viwanja vya wazi vya Bukavu vimekuwa vikimegwa kwa miaka mingi: leo nyumba ya ghorofa kwenye kona ya shule, kesho maduka yanayotazama barabara. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Dola, na anayeitumia hupewa haki ya kuitumia tu. Shule nazo zina baba wawili. Zilitaifishwa 1974, na mkataba wa 26 Februari 1977 ukarudisha uendeshaji wa nyingi mikononi mwa makanisa huku Dola ikibaki na jukumu la mishahara. Kwa hiyo shule ambayo mtaa mzima unaiita ya serikali inaweza kuwa kwenye ardhi ya kanisa, na hati zake ziko kwenye kabati ambalo prefe, mkuu wa shule, hajawahi kulifungua.

Mradi mkubwa unaleta uzio, na uzio una pande mbili. Unaweza kumzuia mwenye kumega. Unaweza pia kumzuia mtoto wa mtaa. Zulia ghali halikanyagwi na mbuzi wala kuwashiwa moto juu yake, na mlinzi huwekwa mlangoni. Baada ya mlinzi huja daftari la malipo. Nairobi na Dar es Salaam zina viwanja vidogo vya bandia vinavyokodishwa kwa saa, na vinajaa, kwa sababu wenye kazi za ofisini wako tayari kulipa jioni. Shule isiyokuwa na fedha ya chaki itavutwa na biashara hiyo, na hakuna wa kuilaumu. Ila watoto waliokuwa wakicheza hapo jioni na mpira wa saché na kamba watakuwa nje ya wavu.

Zaidi ya mpira, kiwanja cha shule Bukavu kina kazi ambazo hazimo kwenye mchoro wa mkandarasi. Ni mahali pa ibada kubwa, pa mikutano ya wazazi, pa chanjo, pa foleni za siku ya uchaguzi. Julai na Agosti 1994, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi Wanyarwanda walipovuka Ruzizi, walilala mashuleni, makanisani na barabarani. Tetemeko la Jumapili ya 3 Februari 2008 lilipoutikisa mji, watu walitafuta mahali pasipokuwa na ukuta wa kuwaangukia. Na moto unapoanza kwenye nyumba za mbao, jambo ambalo Kadutu inalijua kupita kiasi, godoro na sufuria zilizookolewa hurundikwa kwenye uwazi wa karibu, na uwazi huo mara nyingi ni wa shule. Udongo haujali mkaa unaodondoka. Polietilini huyeyuka.

Karatasi kabla ya kokoto

Wananchi hawaanzi mikono mitupu. Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira salama. Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 inadai utafiti wa athari kwa miradi inayoweza kuharibu mazingira, pamoja na uchunguzi wa umma ambapo wakazi husikilizwa kabla ya kibali. Wakala wa Mazingira wa Kongo, ACE, uliundwa 2014 kusimamia tafiti hizo. Hata ofisa akisema kiwanja kimoja ni kidogo mno kwa utaratibu wote huo, komite ya wazazi inaweza kuyadai mambo yaleyale kama sharti la kukubali mradi.

Mambo hayo si mengi. Mchoro wa maji, unaoonyesha bomba linaishia wapi na jina la anayeishi chini yake. Cheti cha maabara cha chembe, au bora zaidi mchanga mtupu, gome la mti wa koki au makumbi ya nazi badala ya tairi. Ukingo wa zege na vichujio vya kunasa chembe zisitoke. Saa za mtaa zilizoandikwa, za bure, zikiwemo za wasichana. Hati ya ardhi mezani. Na bajeti ya mwaka wa kumi.

Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika kila mahali. Zulia huishi miaka minane hadi kumi, nayo ni ikiwa linapigwa brashi, linaongezewa chembe na kushonwa linapochanika. Baadaye kunabaki tani nyingi za plastiki iliyogandamana na mchanga, ambayo hata Ulaya inahangaika kuitenganisha. Bukavu haina kiwanda cha kuipokea. Itakatwa vipande kuezekea vibanda, itachomwa, au itateremka njia ya chupa. Dhamana ya kampuni ya nje nayo ina thamani ikiwa fundi wake anaweza kufika. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu na benki za mji vikafungwa, na mamlaka ya mji yakaachana na ya Kinshasa. Mkataba uliosainiwa na utawala mmoja na kudaiwa kwa mwingine ni karatasi ngumu kuisimamisha mahakamani.

Nyasi iliyotoka huku

Kuna mmea mmoja ambao watunza viwanja wa Afrika Kusini, Australia na California wanaujua kwa jina la kikuyu. Unatambaa, unashika udongo kwa mizizi minene, unavumilia kukanyagwa na kujiponya haraka. Viwanja vingi vya michezo vya Afrika Kusini vimeoteshwa kwa huo. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia mita 1,500 hivi kwenda juu, zikiwemo za mashariki mwa Kongo. Australia iliupata mwaka 1919 kutoka Kongo ya Wabelgiji, na tangu hapo umeenea mashamba ya malisho na viwanja vya nchi nzima. Wakati Bukavu inafikiria kuagiza majani ya plastiki kwa laki za dola, Waaustralia wanachezea jani lililotoka upande huu.

Jani hilo si dawa ya kila kitu. Likiachwa bila kukatwa huvamia bustani za jirani, na halihimili zamu mbili za watoto bila mapumziko. Linataka mifereji ielekezwe vizuri kama zulia linavyotaka, na sehemu za mbele ya magoli zitahitaji kupandwa upya kila mwaka. Faida yake ni kwamba likifa halidaiwi na mtu, na kwamba wanaolijua wako karibu: wataalamu wa udongo wa kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Mulungu, wa kitivo cha kilimo cha Université Évangélique en Afrique pale Panzi, na mama yeyote anayelima Kabare. Vipandikizi huchimbwa kwa jembe na kupandwa kwa mkono, kazi ambayo salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya mtaa, inaiweza.

Ugumu uko kwenye kalenda. Kupanda kunataka mvua za mwanzo, nazo huja Septemba, wiki zilezile ambazo milango ya shule inafunguliwa na watoto wanarudi na nguvu za likizo. Likizo yenyewe, ambapo kiwanja kingepumzika, ni kiangazi kikavu. Kwa hiyo kiwanja kigawanywe. Nusu ya kwanza ipandwe mvua zikianza na izungushiwe matete hadi Krismasi. Nusu ya pili ingoje Februari. Katika miezi hiyo shule nzima itachezea nusu kiwanja, zamu ya asubuhi na ya mchana, wavulana na wasichana, na prefe atalazimika kubandika ratiba ya zamu hizo ukutani kabla ya jembe la kwanza kushuka.